Kima Aliyekuja Jumanne

Kishor alinipigia simu saa nne asubuhi, nikiwa nimeshika mkasi juu ya kitambaa cha sare za kwaya, akasema mama yake ananiulizia. Sikumuuliza anaumwa nini. Mwanamke wa miaka tisini akikuulizia kupitia kwa mwanawe, unaweka mkasi chini unaenda. Nilichukua bajaji mpaka Upanga, nikamkuta Kishor ananisubiri kwenye ngazi za ghorofa ya pili, amevaa kandambili, ndevu hazijanyolewa, na mtu huyu katika miaka thelathini na tano sijawahi kumwona na ndevu hata za siku moja. Alinishika mkono tukasimama palepale. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba madaktari wamesema hakuna tena cha kufanya, ugonjwa umeshatambaa mwili mzima. "Ila sisi tumemwambia ni vidonda vya tumbo," alisema. "Dada Riziki, nakuomba sana. Akikuuliza, mwambie atapona. Wewe ukimwambia kitu anaamini." Hapo ndipo penyewe. Ni kweli, mama yake huniamini, lakini Kishor alikuwa amesahau imani hiyo niliipataje. Niliketi sebuleni kwao kungoja nesi amalize kumwogesha, nikaletewa chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi, na badala ya kupanga nitakachosema nikajikuta namfikiria kima.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na moja na cherehani ya kukanyaga. Nilikuwa nimekuja Dar kutoka kusini ya Unguja, na ya kwetu niyaache huko huko. Nilikuwa nikishona kwenye baraza la duka la vitambaa Mchafukoge, karibu na Kariakoo kiasi kwamba upepo ukigeuka tulijua leo wameshusha vitunguu au dagaa. Utaratibu wa baraza kila mtu anaujua: mwenye duka anauza kitambaa ndani, fundi anakaa nje na futi yake shingoni, mteja akitoka anadakwa kabla hajafika barabarani. Tulikuwa wawili. Mwenzangu aliitwa Chande, mtu wa Lindi, fundi wa suruali, aliyenizidi miaka kumi na maneno elfu. Yeye aliniita Mpemba. Nilimwambia kila siku mimi si Mpemba, yeye akajibu kwamba kisiwa ni kisiwa. Mbele yetu kulikuwa na pasi ya mkaa, tukipokezana, na jioni tulikuwa tukimwaga majivu na chenga za mkaa uani, chini ya mti wa mkungu.

Juu ya duka waliishi wenyewe, familia ya Kihindu, yaani mama na mwanawe tu. Mama tulimwita Ba, kama Kishor alivyomwita, kwani ndivyo Wagujarati wanavyomwita mama. Mumewe alikuwa amefariki miezi minane kabla, na tangu siku hiyo Ba hakushuka ngazi. Tulimjua kwa harufu ya jikoni kwake na kwa sauti ya kengele ndogo aliyoigonga alfajiri akisali. Kishor ndiye aliyeendesha duka. Alikuwa kijana mpole, mwoga wa kelele, na alizungumza na mama yake kana kwamba mama ni yai. Mtu akipandisha habari yoyote juu, hata ya umeme kukatika, alimzuia kwanza amuulize atasemaje. Mwezi ule alikuwa ametuambia, huku akitazama viatu vyake, kwamba anataka kuweka friji la soda pale tulipokaa. Chande alikuwa na ndugu Temeke wa kumpokea. Mimi sikuwa na pengine pa kwenda, ila kurudi nilikotoka, na huko nilikuwa nimeapa kutorudi nikiwa nimeshindwa.

Kima alikuja Jumanne. Tulianza kusikia watoto wanapiga kelele mtaa wa pili, halafu mabati yakalia juu yetu, paa hadi paa, na kitu chekundu kikaruka ua na kupotelea kwenye mkungu. Wapagazi waliokuja wakihema walisema ametoroka Kariakoo, amepasua tenga lililoshushwa pamoja na mizigo ya kutoka bandarini. Aliyemleta hakujitokeza, na nafikiri alifanya vizuri. Sote tulizunguka uani kutazama juu. Mimi sikuhitaji kutazama mara mbili. Mgongo mwekundu wa udongo, mikono myeusi, midomo ya waridi, na nywele nyeupe zilizosimama utosini kama za bibi aliyeamshwa usingizini. Ni kima punju, na hapatikani popote duniani ila kwetu Unguja. "Mpemba, shemeji yako kaja," Chande alisema, watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kwetu wazee walikuwa wakisema punju ni sumu, mti anaoulia hunyauka, na mbwa akimla hunyonyoka manyoya. Nilikua nikitumwa kuwafukuza mashambani kwa mawe. Niliona aibu, kama vile jamaa yangu mchafu amenifuata mjini na kuniita jina langu mbele za watu.

Ndipo mlango wa ngazi ukafunguka, na Ba akashuka. Alivaa sari nyeupe, miguu mitupu, mkononi ana sinia la ndizi mbivu na ua moja. Kishor alikuwa nyuma yake, mikono ameinyoosha tayari kumdaka. Jumanne kwao ni siku ya Hanumani, mungu wao wa nguvu na uaminifu mwenye sura ya kima, na Ba alikuwa ndio kwanza amemaliza sala akiomba apewe dalili kama bado kuna haja ya kuamka asubuhi. Hilo alinieleza baadaye. Siku ile aliuliza tu, akitutazama mmoja mmoja, "Nani anamjua huyu?" Chande akanisukuma mbele. "Shikamoo Ba," nikasema, "anatoka kwetu." Uso wake ulifunguka. "Marahaba, mwanangu. Huko kwenu anakula nini?"

Nimelirudia swali hilo mara nyingi kuliko swali lolote nililowahi kuulizwa. Jibu nililijua. Kima punju anakula majani machanga na matunda mabichi. Tunda bivu lenye sukari halimfai, tumbo lake halikuumbiwa hilo. Na kwa sababu majani anayokula, ya mkungu na ya mwembe, yana ukali wake, huwa anatafuta mkaa. Kwetu tuliwaona kwa macho wakishuka kwenye matanuri yaliyozimika, wanaokota kipande cha mkaa kwa vidole vyao vinne, maana dole gumba hawana, wanapanda nacho juu na kukitafuna taratibu kabisa. Mama zetu walificha mkaa wa jikoni kwa sababu yao. Yote hayo nilikuwa nayo mdomoni. Lakini Ba alikuwa ameshika ndizi, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba, na Kishor nyuma yake alikuwa akinitikisia kichwa na kunikodolea macho, maana yake usimharibie. Na lile friji la soda nalo lilikuwa kichwani mwangu, sitasema uongo. Nikajibu, "Anakula chochote Mungu anachomjalia, Ba." Jibu tamu, la adabu, lisilo na kitu ndani yake. Ba akaliweka sinia chini ya mti na kunishukuru.

Tangu siku hiyo maisha yalinigeukia kwa uzuri ambao sikuustahili. Habari ya friji ilikufa. Ba alianza kushuka kila asubuhi, kisha akaanza kukaa dukani, akawa anabishana na wateja kuhusu vitenge na kuwashinda. Mimi nilihamishiwa ndani kwenye meza ya kukatia, chini ya feni, kwa sababu Ba alitaka "mtu wa kwao" awe karibu na uani. Alimwita kima Maruti, jina jingine la Hanumani, na kazi yangu ya kwanza kila siku ikawa kwenda Kariakoo kumchagulia Maruti ndizi kisukari zilizoiva hadi kuwa na madoa. Wauza ndizi walinizoea. "Dada wa nyani huyo, mchagulie nzuri!" Nikirudi, Ba alikuwa ameshapika. Nilikula naye jikoni kwake, tumekaa kwenye vigoda, wali uliopikwa pamoja na dengu, siagi juu yake, mtindi pembeni na achari ya maembe aliyoitengeneza mwenyewe. Sijala chakula kingine kilichonifanya nijione ni mtu wa mahali fulani. Alinieleza habari za mumewe, jinsi alivyokuwa akikoroma, jinsi alivyoogopa kinyozi. Nilimpenda Ba, na niliyasikiliza yote hayo huku nikijua ninachokificha.

Mwanzoni Maruti alizikataa ndizi. Alikaa juu akila majani ya mkungu, na jioni, tukishamaliza kumwaga majivu ya pasi, alishuka akachagua chenga za mkaa. Chande alifurahi mno. "Huyu fundi mwenzetu," alisema, "anataka kupiga pasi." Siku moja Ba akamwona na mkaa mdomoni. Alishtuka hasa. Kwake ilikuwa Mungu anakula uchafu kwenye ua wake kwa sababu ya uzembe wetu. Alitukataza kumwaga majivu pale, akaagiza ua ufagiliwe kila alfajiri na kumwagiwa maji, hata kipande kimoja cheusi kisibaki. Aliyepewa ufagio ni mimi. Nilifagia. Nilifagia vizuri, mpaka kwenye mizizi. Na kwa kuwa mnyama naye hujifunza ulafi, hasa akiwa peke yake mjini bila wenziwe wa kumwonyesha mfano, mwezi wa pili Maruti alianza kula ndizi, moja, kisha tatu, kisha sinia zima. Ba alipiga makofi akilia. Kishor alitununulia bajia mafundi wote wawili.

Mwezi wa nne tumbo la Maruti lilikuwa limevimba. Aliacha kuruka, akawa anakaa kwenye panda ya chini, amejikunja, manyoya yamekosa rangi, na alichokunya kilikuwa maji. Ba aliamini amefunga saumu. Akaongeza ndizi, akaongeza maziwa yenye sukari, akawa anamwimbia kwa Kigujarati. Usiku sikulala vizuri, lakini mchana nilikwenda Kariakoo kama kawaida, nikachagua zilizoiva zaidi. Najua msomaji anajiuliza nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa mtu anayependwa kwa mara ya kwanza, na niliona nikifungua mdomo yataondoka yote, meza, feni, kigoda jikoni, na furaha ya yule mama, na kwamba atarudi juu asishuke tena. Niliyaita hayo huruma. Siku moja Chande alinifuata kwenye meza ya kukatia, akasimama bila utani, jambo ambalo lilinitisha.

"Yule anakufa," alisema.

"Naona."

"Mi simjui yule mnyama, kwetu Lindi hayupo. Ila we unamjua. Tangu uanze kufagia ule mkaa ndo kaanza kuumwa. Mbona humsemei, Riziki? Hapa mjini ana nani mwingine?" Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliniita kwa jina langu.

Ilikuwa Jumanne tena nilipopanda ngazi bila ndizi. Ba alikuwa amekaa chini akisukuma chapati zao zile nyembamba, moja ipo kwenye chuma, mkono wake una unga hadi kwenye kiwiko. Nilisimama mlangoni nikasema yote bila kupumua: kwamba ndizi ndizo zinazomuumiza, kwamba mkaa ulikuwa dawa yake, kwamba tulimfagilia dawa yake kila siku tukampa sumu kwenye sinia. Sikumwambia "wewe", nilisema "sisi", na hata hapo nilikuwa nikijificha kidogo. Chapati iliungua, moshi ukaanza kupanda, Ba hakuigeuza. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira kuhusu Mungu wake, kuhusu mkaa, kuhusu mimi Mwislamu kumfundisha sala yake. Aliuliza swali moja tu.

"Umejua lini?"

"Tangu siku ya kwanza, Ba."

Aliitoa ile chapati iliyoungua kwa vidole, akaiweka kando, akajifuta mikono kwa muda mrefu. "Mume wangu alipokuwa anaumwa," alisema, "daktari alijua. Kishor alijua. Mpaka dobi alijua, maana alikuwa anafua mashuka. Mimi peke yangu nilikuwa nampikia mchuzi wa nguvu, namwambia mwakani tunaenda wote kwa dada yake. Na yeye alikuwa anajua, Riziki. Alikuwa ananiitikia tu. Tumeishi miaka thelathini, na sikumuaga, kwa sababu wote walikuwa wananipenda sana." Kisha akaniangalia. "Na wewe nawe."

Natamani angenipiga. Nililia pale mlangoni, na yeye hakunibembeleza, aliwasha jiko jingine akaendelea kusukuma unga. Asubuhi ya pili yake aliteremka mwenyewe na ndoo ya chenga za mkaa, akazimwaga chini ya mkungu kwa mkono wake, na ndizi hazikuonekana tena. Maruti alishuka siku ya tatu, akachukua kipande, akakitafuna. Tulikaa wanne uani, Ba, Kishor, Chande na mimi, tukimtazama anavyotafuna, na hakuna aliyethubutu kusema atapona. Kwa siku chache ilionekana kama tumewahi. Alikula majani, alipanda hadi panda ya pili. Siku ya tisa tulimkuta chini ya mti, ubavu mmoja, mkono mmoja wenye vidole vinne umefumbata ardhi. Nilimkatia Ba yadi mbili za bafta nyeupe, akamfunga mwenyewe, akamtia chumvi na maua, na tukamzika hapohapo penye mizizi. Chande ndiye aliyechimba. Baada ya maziko Ba aliniambia, bila ukali, kwamba kuanzia kesho nitakaa barazani.

Nilirudi barazani. Nilingoja Kishor alete friji, halikuja, na nilingoja Ba apotelee juu, naye hakupotea. Aliendelea kushuka dukani kila siku, sari nyeupe, bila kima, na kuwashinda wateja kwa maneno. Ile furaha niliyoilinda kwa uongo kumbe ilikuwa na miguu yake yenyewe. Mimi hakunisemesha kwa mwezi mzima na ushee. Halafu asubuhi moja alikuja mbele ya cherehani yangu, akasimama, akageuka kunionyesha mgongo. "Hii blauzi imenikaa vibaya?" Blauzi ile aliishona mkwe wa dada yake, na nyumba nzima ilikuwa imeshaisifu. Chande alinikanyaga mguu chini ya cherehani. "Ndiyo, Ba," nikasema. "Mgongoni imevuta, na mkono mmoja ni mfupi." Aliivua palepale nyuma ya mlango wa duka, akanirushia. "Basi irekebishe." Na hivyo ndivyo tulivyoishi tangu hapo. Baraza lilikuja kuvunjwa, nyumba ikapandishwa ghorofa nane na watu wengine, Chande alirudi Lindi akafia kwao, mimi nikafungua chumba changu cha ushonaji Ilala, na Ba akahamia Upanga, lakini kila palipokuwa na jambo ambalo watu wote walikuwa wakimsifia, alinitafuta. Mchumba wa mjukuu. Meno mapya. Mtindi ulioharibika ambao mkwewe alisema ni mzuri. Sikuwahi tena kumjibu jibu tamu.

Nesi alitoka na beseni, akaniambia naweza kuingia. Kishor alinifuata hadi mlangoni, akaniminya bega, akabaki nje na kuuvuta mlango. Chumba kilikuwa safi, pazia limefungwa nusu, na Ba amekuwa mdogo kitandani hata nilimtafuta kwa macho. Nilimwamkia, akaitikia. Akanipapasa gauni, kitambaa kwanza, kisha pindo, kama kawaida yake, akasema nimeanza kuwa mvivu wa kuficha uzi. Nikamwambia macho yamechoka. Nje niliisikia sakafu ikilia chini ya kandambili za Kishor.

"Wanasema vidonda vya tumbo," Ba alisema. "Wananiletea maziwa." Alinishika kidole gumba, akakibana. "Riziki, nakufa?"

Nilikuwa nimekunywa chai ya mwanawe, na bega langu bado lilikuwa na joto la mkono wake. Nilimpenda Ba wakati ule kuliko miezi ile yote ya jikoni kwake, na kwa mara ya pili maishani mwangu yule mama alikuwa mbele yangu akingoja jibu ambalo mwanawe hakutaka nilitoe.

"Ndiyo, Ba."

Alifumba macho. Niliogopa, kisha nikaona kwamba anapumua polepole, pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. "Karibuni?"

"Wanasema karibuni. Siku hawazijui."

Aliitikia kwa kichwa. Tulikaa hivyo mpaka mwanga wa pazia ukahama kutoka kitandani hadi ukutani. Halafu akakiachia kidole changu, akanisukuma mkono taratibu kuelekea mlangoni. "Nenda umfungulie Kishor," alisema. "Tangu Jumapili analia peke yake huko nje. Mwambie aje alie huku kwangu."